Kumfuatilia mtembeaji kwa redio ya ridhaa, kutoka ukingo wa Newala hadi bonde la Ruvuma

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, bonde lote la Ruvuma linakuwa miguuni pako, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Ukishuka huko chini kwa miguu, usiitegemee simu peke yake, maana mtandao huja na kupotea. Redio ndogo ya mkononi yenye kutaja mahali ulipo kila baada ya dakika tatu inaweza kuziba pengo hilo, mradi mambo mawili yawekwe sawa kabla ya safari: kuna antena iliyo juu inayokusikia, na aliyebaki kambini anajua la kufanya usiposikika. Wati za redio huja baada ya hayo.

Mfumo unaotumika ni APRS, wa kutangaza mahali ulipo kwa redio, ulioanzishwa na Bob Bruninga wa Marekani. Kifaa cha GPS, au simu, hupata mahali ulipo na kupaandika kwa ujumbe mfupi, uitwao pakiti. Modemu huyageuza maandishi hayo kuwa milio miwili, ya hezi 1200 na hezi 2200, inayosikika kama faksi ya zamani. Redio huirusha milio kwa FM, kituo cha kurudia kilicho juu huipokea na kuituma tena, na kambini hupokewa na kuwekwa kama nukta kwenye ramani. Afrika tunatumia masafa ya 144.800 MHz, sawa na Ulaya. Wamarekani wako 144.390, kwa hiyo kifaa kilichonunuliwa huko kibadilishwe kwanza. Ukikiacha kilivyo, utatuma siku nzima na hakuna atakayekusikia.

Leseni na ruhusa

Kutuma kwenye masafa haya kunahitaji leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na alama yako ya mwito, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H au 5I. Kama anayetembea hana leseni, mwenye leseni aende naye na ndiye ashike redio. Huduma hii si ya biashara, hivyo kampuni ya kutembeza watalii itafute redio za kibiashara. Leseni yako pia haivuki mto: ukikanyaga Msumbiji, zima.

Jambo la pili husahauliwa sana. Huku ni mpakani. Mtu anayesimika mti wenye waya na boksi linalowakawaka taa juu ya ukingo lazima aulizwe maswali, na ana haki ya kuulizwa. Mwone mtendaji wa kijiji mapema, umwonyeshe leseni, umweleze boksi ni la nini na litaondolewa lini. Ukipata kijana wa hapo hapo wa kulilinda, ni bora kuliko kufuli. Kwa matembezi ya Rondo, upande wa Lindi, ule ni msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na ruhusa ya kuingia huombwa kwao.

Vifaa vya mtembeaji

Seti ya bei nafuu ni redio ya mkononi kama Baofeng UV-5R, simu ya Android yenye programu ya APRSdroid, na waya wa kuziunganisha. Waya uliotengenezwa tayari, kama BTECH APRS-K1, unaokoa muda wa kuchomelea na kukisia. Modemu ya Bluetooth kama Mobilinkd ni bora zaidi kwa sababu inabonyeza kitufe cha kutuma yenyewe, ila bei yake ni kubwa. Waya ule wa kwanza hutegemea VOX, yaani redio huanza kutuma inaposikia sauti, na matatizo mengi ya seti hii huanzia hapo.

Kwenye redio weka hivi:

1. Masafa 144.800, nguvu ya juu (menyu 2, TXP, HIGH).
2. Menyu 3, SAVE, izimwe. Ikiwa imewashwa, redio husinzia na kukosa mwanzo wa kila pakiti inayoingia.
3. Menyu 4, VOX: anza na 1, kisha jaribu nyingine hadi redio ijibu kila mlio bila kujiwasha yenyewe.
4. Menyu 5, WN, iwe WIDE.
5. Menyu 7, TDR, na menyu 8, BEEP, zote OFF.
6. Menyu 9, TOT (kikomo cha kutuma mfululizo), sekunde 15. Sababu iko chini.
7. Menyu 10 hadi 13, zile za toni, zote OFF.

Kwenye APRSdroid andika alama yako ikifuatiwa na -7, ambayo kwa desturi humaanisha mtu mwenye redio ya mkononi (gari huwa -9). Chagua picha ya mtu anayetembea. Njia ya kurudia, yaani marudio unayoomba, iwe WIDE1-1 peke yake. Ikiwa mna vituo viwili vya kurudia, iwe WIDE1-1,WIDE2-1. Usirefushe zaidi ya hapo, utajaza hewa kwa marudio yasiyo na faida. Muda wa kutangulia kabla ya pakiti uwe milisekunde 800, kwa kuwa VOX humeza mwanzo wa sauti. Wengi huweka muda mfupi mno, wakasikia redio ikilia vizuri kabisa huku kompyuta ya kambini haisomi chochote: kichwa cha pakiti kimeliwa.

Kisha sauti ya simu. Ukiifungua hadi mwisho milio hupasuka na hakuna anayeisoma. Anza nusu, weka redio ya pili ikiwa na kompyuta hatua kama ishirini hivi, upunguze au kuongeza taratibu hadi pakiti kumi mfululizo zisomeke zote. Weka alama ya mahali hapo, kwa kalamu au kwa picha ya skrini, kwa sababu kitufe cha sauti kitaguswa tu njiani.

Simu iwekwe hali ya ndege huku GPS ikiwa imewashwa. Kwanza utaokoa betri. Pili, bila hivyo mlio wa ujumbe wa WhatsApp utapita kwenye waya, VOX itaamka, na mlio wako utasikika bonde zima. Zima pia ule utaratibu wa Android wa kufunga programu ili kuokoa chaji. Ndio huua APRSdroid dakika chache baada ya skrini kuzimika, na mtembeaji hajui. Bila intaneti GPS huchelewa kupata setilaiti, kwa hiyo iwashe robo saa kabla ya kuondoka, mahali penye uwazi, si chini ya mwembe.

Kuhusu chaji, watu huhofia redio bure. Pakiti moja, pamoja na utangulizi wake, ni kama sekunde moja na nusu. Kila dakika tatu ni pakiti 20 kwa saa, 160 kwa saa nane, yaani jumla ya dakika nne za kutuma kwa siku nzima. Betri ya kawaida ya UV-5R inalimudu hilo. Simu ndiyo hufa kwanza, hivyo beba pawabenki ya mAh 10,000 na waya wake, na waya wa akiba.

Antena na mahali pa kuibeba

Antena fupi ya mpira inayokuja na redio ni dhaifu, na ukiining'iniza kiunoni mwili wako unakula nusu ya kile kilichobaki. Redio ikae juu ya begi la mgongoni, antena ikisimama wima kupita bega, mbali na chupa ya maji na chupa ya chai ya chuma. Kisha ongeza mkia: waya laini wa sentimita 49, ulioshikizwa kwenye sehemu ya chuma inayozunguka kitako cha antena, uachwe uning'inie chini. Hiyo ni robo ya urefu wa wimbi la 144.8 MHz. Gharama yake ni ya kipande cha waya, na mara nyingi hukuongezea kuliko kununua redio yenye nguvu mara mbili.

Simu isibanane na redio. Iweke mfuko wa juu wa begi, ikitazama angani, angalau sentimita 30 kutoka kwenye antena. Wati tano zikiwa karibu mno huingia kwenye waya wa sauti, VOX hudhani bado kuna mlio, na redio hubaki ikituma bila kukoma, ikijipasha moto na kuziba masafa kwa kila mtu. Hapo ndipo TOT ya sekunde 15 inapokuokoa. Dawa ni kufupisha waya kwa kuukunja, kuusogeza mbali na antena, na kuuvika kile kipingili cheusi cha feraiti kinachotolewa kwenye nyaya za kompyuta za zamani.

Kuna pia njia ya LoRa, aina nyingine ya redio ya kutuma data kwa nguvu ndogo: kibao kama T-Beam chenye GPS, redio na kishikio cha betri ya 18650, kikituma 433.775 MHz kwa sehemu ya kumi ya wati. Ni kidogo, chepesi na hakina waya wa kusumbua. Nunua toleo la 433, si la 868, na usikiwashe kamwe bila antena. Ila masafa ya juu zaidi huumia zaidi kwenye majani mabichi, na bonde lenye mikorosho iliyolowa mvua ni ukuta. Pia kambi na kituo cha kurudia lazima viwe vya LoRa vilevile, maana hakisikilizani na 144.800.

Kituo cha kurudia

Hapa ndipo pa kutumia nguvu na fedha. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1: jibu ni kilomita hadi upeo wa redio. Antena iliyo mita 1.5 juu ya ardhi huona kilomita 5. Iliyo kwenye mti wa mita 9 huona 12. Iliyo mita 400 juu ya bonde huona 82. Hakuna betri itakayokupa tofauti hiyo.

Kosa la kwanza ni kusimika mti mahali panapofaa gari badala ya ukingoni. Ukirudi nyuma mita mia moja tu, ardhi tambarare ya uwanda wenyewe inakuziba na chini ya genge pote panakuwa kivuli. Ukiwa pale ulipo huwezi kuliona bonde kwa macho, antena nayo hailioni. Kosa la pili ni kujibanza kwenye mnara wa simu au wa redio ya FM kwa kuwa "pale pana kimo". Redio za bei nafuu huzibwa masikio na mitambo mikubwa iliyo karibu. Jitenge mita mia tatu au zaidi, kisha ujaribu.

Masasi ni hadithi nyingine. Ile milima ya mawe imesimama mmoja mmoja, na kila mmoja una kivuli chake. Kituo juu ya mwamba mmoja kitamsikia mtembeaji upande huu wa mlima wa pili na kumpoteza kabisa upande ule. Huko pangeni vituo viwili, au mkubaliane kwamba saa mbili za kuzunguka nyuma ya mlima ni za ukimya unaojulikana.

Antena ya kujitengenezea inatosha: soketi ya SO-239, waya wa shaba wa sentimita 49 ukisimama juu, na nyaya nne za sentimita 52 zilizoshikwa kwenye matundu ya kona na kuinamishwa chini kwa nyuzi 45. Ifunge kwenye mwanzi mrefu. Waya wa antena wa RG-58 wa mita 10 hupoteza zaidi ya theluthi ya nguvu kwenye masafa haya, kwa hiyo boksi likae chini ya mwanzi wenyewe, usivute waya hadi kivulini. Maungio yazungushie tepu ya umeme, kisha vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli vilivyovutwa kwa nguvu. Pwani, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, chumvi hula kiungio kilicho wazi haraka ajabu.

Ndani ya boksi kuna redio, kadi ya sauti yenye waya wa kubonyeza kutuma (hapa VOX haifai, kwa sababu hubaki imeshika baada ya pakiti na kukosa inayofuata), na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoendesha Direwolf, programu ya kusoma na kurudia pakiti. Redio iwe SQL 0, yaani kizuia kelele kimezimwa. Faili la mpangilio linatosha kuwa hivi, ukiweka alama yako na mahali pako:

ADEVICE plughw:1,0
CHANNEL 0
MYCALL 5H3XXX-1
MODEM 1200
PTT /dev/ttyUSB0 RTS
TXDELAY 40
DIGIPEAT 0 0 ^WIDE1-1$ ^WIDE1-1$
PBEACON delay=1 every=10 symbol="digi" lat=10^56.00S long=039^17.00E

Kama mna vituo viwili, mstari wa DIGIPEAT wa kile kilicho karibu na kambi uishie na ^WIDE[12]-[12]$ ili kipokee pia WIDE2-1.

Mstari wa mwisho unakifanya kituo kijitangaze kila dakika kumi. Usiufute kwa kubana chaji. Utaona umuhimu wake mtu akinyamaza.

Pi na redio kwa pamoja hula kama wati 3, yaani Wh 72 kwa siku na usiku. Betri ya bodaboda ya 12 V 7 Ah ina Wh 84, na nusu tu ndiyo ya kutumia bila kuiua, hivyo ni saa 14: inatosha safari ya kwenda na kurudi siku moja, basi. Kwa siku mbili tafuta Ah 26. Ukikaa zaidi, paneli ya wati 50 hurejesha kinacholiwa jua likiwa zuri. Kwenye masika teremsha mwanzi mara mawingu meusi yanapojipanga. Juu ya ukingo huo antena yako ndiyo ndefu kuliko vyote.

Kambini

Kwa kusikiliza tu, kipokezi kidogo cha USB cha RTL-SDR na kompyuta ndogo vinatosha:

rtl_fm -f 144.80M - | direwolf -c sdr.conf -r 24000 -D 1 -

Ramani iwe ya programu ya YAAC, ukiwa umepakua data ya OpenStreetMap ya Mtwara na Lindi ukiwa bado mjini. Ukiwa na intaneti, Direwolf inaweza kuzipeleka pakiti mtandaoni, na ndugu walioko Dar wakaona nukta kwenye tovuti ya aprs.fi. Wakumbushe mambo mawili. Mtu yeyote duniani anaiona nukta hiyo, kwa sababu kuficha ujumbe kwa msimbo hakuruhusiwi kwenye redio ya ridhaa. Na nukta ya mtandaoni ni mahali alipokuwa mara ya mwisho kusikika. Wasome saa iliyo pembeni kabla ya kuanza kupiga simu.

Sasa namba. APRS huandika nyuzi na dakika zenye desimali. 10°56.25′ si nyuzi 10.5625. Gawanya 56.25 kwa 60, upate 10.9375. Ukimsomea mtu wa pikipiki 10.5625 umempeleka kilomita 41 kaskazini ya anayetafutwa. Hakikisha pia kifaa kinaandika S. Kikiandika N, mtembeaji wako wa Newala ataonekana akikata mitaa karibu na Dessie, Ethiopia. Inachekesha ukiiona mezani, si saa mbili usiku.

Kabla ya siku yenyewe fanyeni jaribio la saa moja kwenye njia ile ile. Zimetumwa 20, zikifika 15 mko vizuri. Zikifika chini ya 7, msiongeze wati, hamisheni kituo.

Mtu akinyamaza

Andikeni haya kwenye karatasi, nakala mbili, moja ibebwe. Kambini kuwe na daftari: saa, nukta, na saa ambayo kituo cha kurudia kilijitangaza mara ya mwisho.

Mtembeaji kimya lakini kituo kinajitangaza: tatizo liko kwake, ama yuko kivulini, ama simu imezima, ama ameumia. Vyote viwili kimya: karibu kila mara ni kituo au betri yake, na wa kukimbiliwa kwanza ni yule kijana mlinzi. Nukta zinaingia ila hazisogei: GPS imeganda au amekaa. Tazama kama tarakimu za mwisho zinachezacheza. GPS iliyo hai hutikisika kidogo hata mtu akiwa amelala, ila hatua ya mwisho ya tarakimu ni kama mita 18, hivyo mtikisiko mdogo huenda usionekane. Zikiwa zile zile kwa nusu saa nzima, huenda simu imekwama, lakini usiache kudhani kwamba amekaa au ameumia.

Pakiti kumi zikikosekana, yaani nusu saa, mtu wa kambini aite kwa sauti kwenye 145.500. Mtembeaji naye, kila saa kamili, achomoe waya, ahamie hapo kwa dakika tano asikilize. Bila kuchomoa hawezi kuzungumza. Ikifika saa moja bila jibu, chora duara kwenye ramani kuanzia nukta ya mwisho: kilomita 4 kwa kila saa iliyopita kama ni njia wazi, 2 kama ni kichaka au mteremko wa genge. Mpigie mtendaji wa kijiji kilicho karibu na duara hilo, kisha 112. Wasomee jina la kijiji na la mto au korongo kwanza, namba za GPS baadaye.

Akirudi salama, asizime kifaa mlangoni. Asubiri mtu wa kambini aandike pakiti ya mwisho daftarini, aweke neno "AMEFIKA" kwenye maelezo ya kituo chake, itumwe mara mbili, ndipo azime. Vinginevyo nukta hubaki katikati ya bonde usiku kucha, na atakayeiona mtandaoni alfajiri hatajua kama mwenyewe yuko nyumbani anakula ugali.